Andika kama mutu mwenye swali

Mazungumzo na vijana na wazazi wao, mukutano wa siku ya posho, Nyawera. Komite iliomba yaandikwe mu gazeti letu kwa ajili ya wale ambao hawakufika.

Najua leo ni siku ya soko, na wengine wenu mumeacha meza zenu kwa mutoto mudogo. Nitajitahidi nisiwacheleweshe.

Munajua juu ya nini tuko hapa. Mwezi uliopita kijana wetu mumoja alikopa dola 300 mu kikapu cha shirika. Alisema ni za masomo, na komite ikakubali, sababu nani atakataa masomo? Zile feza zilienda ku simu ya mutu aliyemwambia kwamba anajua profeseri wa Ulaya, na kwamba huyo profeseri ataandika barua ya kumupokea. Barua ilifika kweli. Ilikuwa na muhuri mukubwa na makosa mengi ya Kifaransa. Leo simu ya yule mutu haipatikani tena. Na kile kikapu njo tunachotumia kwa matanga na kwa wagonjwa. Wiki iliyofuata mama mumoja alihitaji kupasuliwa, ikabidi tuchange upya kutoka mu mifuko yetu.

Sikuja kumulaumu huyu ndugu. Amekaa hapa kati yetu, na aliniruhusu nieleze jambo lake bila jina. Miaka kumi iliyopita mimi mwenyewe ningeanguka mu shimo lile lile. Kilichoniokoa ni kwamba sikuwa na dola 300.

Kwa hiyo leo ninataka tuzungumze juu ya jambo moja: mutu anayetaka kuendelea na masomo, masteri ao doktora, anamwandikia profeseri namna gani, na wakati gani hana haja ya kumwandikia hata kidogo.

Barua zangu 40

Wengi munanijua. Nilikulia mu kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, mukoa wa Kigoma. Kambi ilifunguliwa mu 1996, na sisi tulifika mwaka ule ule, nikiwa mutoto wa kushikwa mukono. Tuliporudi nilimalizia sekondari hapa, nikafanya graduat, nikafanya lisansi, na memwari yangu ilikuwa juu ya mashamba ya watu waliorudi.

Nilipomaliza lisansi niliandika kwa maprofeseri 40. Nilikuwa ninaenda siberi jioni, ninafungua kurasa za universite, ninakopi adresi moja moja. Barua ilikuwa ile ile. Nilibadilisha jina tu, na mara mbili nilisahau hata kubadilisha jina. Ilianza na "kwa heshima na unyenyekevu mukubwa," ikaeleza vita, kukimbia, kambi, kifo cha baba, na mwisho ikaomba burse.

Nilingoja miezi 4. Majibu yalikuwa 2. Mumoja alinitakia heri. Mwingine aliandika mistari mitatu ambayo sijaisahau. Wa kwanza: yeye hana burse ya kugawa. Wa pili: masteri ninayoitafuta inapokea watu kwa kuangalia dosie, si kwa kupitia kwake. Wa tatu: hakuelewa ninataka kusoma nini.

Huo wa tatu njo uliniuma. Nilirudi kusoma barua yangu. Ilikuwa ukurasa na nusu, na hakukuwa na sentensi hata moja inayosema ninataka kujua nini. Nilieleza shida zangu zote, nikasahau kuweka swali. Na profeseri kazi yake ni maswali. Shida zetu anaweza kuzihurumia, lakini hana namna ya kuzifanyia kazi.

Ujue kwanza unabisha mulango gani

Vijana, hapa mufungue madaftari. Wengi wanapoteza miezi kwa kubisha mulango ambao haukuhitaji kubishwa.

Masteri ya kukaa mu kalasi, ile ya mwaka mumoja ao miwili, mara nyingi haihitaji profeseri akukubali kwanza. Dosie yako inaenda ku komite ya programu. Wanaangalia pointi zako, kazi uliyofanya, barua ya kueleza sababu zako, na watu wanaokushuhudia. Burse za VLIR-UOS kwa universite za Ubelgiji upande wa Flandre, burse za ARES kwa upande wa Kifaransa, Chevening kwa Uingereza: hakuna profeseri mumoja anayeweza kukuingiza peke yake. Chevening inataka uwe na miaka 2 ya kazi, na ukimaliza urudi kwenu kwa miaka 2. Hapo, badala ya kuandika barua 40, andika dosie moja nzuri. Kama una swali la kweli ambalo ukurasa wao haukujibu, andikia sekretariati ya programu. Wao njo wanajibu.

Doktora ni jambo lingine. Mu Ubelgiji, mu Ujerumani, na mu universite nyingi za Uingereza, unahitaji mutu wa kukuongoza, yule sisi tunaita promoteri. Bila yeye dosie haitembei. Mufano, burse ya DAAD kwa utafiti wa doktora mu Ujerumani inataka barua ya profeseri inayosema kwamba amekubali kukuongoza. Hapo njo unamwandikia mapema, miezi mingi kabla ya tarehe ya kufunga.

Marekani iko katikati. Komite njo inaamua, lakini ni vizuri kujua kama profeseri unayemutaka anapokea wanafunzi mwaka ule, hasa mu sayansi za laboratwari. Barua fupi ya kuuliza inatosha.

Na kabla ya yote, angalia kama inchi yako iko ku liste. Nimeona vijana wakitayarisha dosie ya burse za Commonwealth kwa sababu rafiki yao wa Kigali ao wa Kampala aliipata. Rwanda iliingia mu Commonwealth mu 2009, Uganda na Tanzania wako ndani pia. Kongo haiko. Profeseri hata akikupenda namna gani, hawezi kubadilisha hiyo.

Neno moja juu ya lisansi yetu

Hili linatuumiza bila sisi kujua. Wale waliosoma mbele ya sisteme ya LMD walifanya graduat miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Jumla ni miaka 5. Lakini mu Ufaransa neno hilo hilo linamaanisha miaka 3 tu. Ukiandika "nina lisansi" na kunyamaza, mutu wa kule anahesabu 3. Anakuona hujafika. Kwa hiyo andika wazi, mu barua na mu CV: lisansi, miaka 5 ya masomo baada ya diplome d'État, na memwari mwishoni. Maneno machache tu, lakini yanakupa miaka 2 ambayo uliitokea jasho.

Sisi tuko na nini?

Sasa nataka niwaambie kitu ambacho ilinichukua muda kukielewa.

Vijana wengi wa hapa wanaishi kwa anketi. Mutafiti anafika kutoka Ulaya, anakaa wiki tatu, anachukua waanketeri wanne. Sisi tunapanda pikipiki mpaka Walungu, mpaka Kalehe, mpaka Fizi. Tunajua shefu gani anaanza na salamu ndefu, tunajua kijiji gani hakiulizwi juu ya askari. Kisha anaenda na makaratasi, na miaka miwili baadaye makala inatoka. Jina lako haliko.

Watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji wameandika wazi juu ya hiyo, mu maandiko yanayoitwa Bukavu Series, ambayo yalikusanywa kuwa kitabu mu 2020. Muyatafute, musome. Yanaeleza maisha ya wale wanaokusanya habari ku tereni na wanabaki nyuma ya pazia.

Ninayataja sababu mbili. Ya kwanza, wewe uliyefanya anketi si muombaji mutupu. Unajua kitu ambacho profeseri hawezi kukipata akiwa mu biro yake. Ya pili, yule mutafiti uliyemufanyia kazi njo mutu wa kwanza wa kumwandikia. Anakujua, alikuona unafanya kazi kwa mvua. Mwombe barua ya ushuhuda. Mwulize ni nani anafanya kazi juu ya mada yako. Wengi wanaona haya kumuomba, lakini hiyo ni haki ya kazi yako.

Na musiruke maprofeseri wa hapa. ISP iko hapa hapa Ibanda, ISDR, UCB, UOB kule Karhale, UEA kule Panzi. Maprofeseri wengine wa hapa walifanya doktora yao Ubelgiji na bado wanafanya utafiti pamoja na wenzao wa kule. Mutu anayeweza kusema "huyu kijana nilimuongoza memwari, anafanya kazi" anakusaidia kuliko barua 40 za siberi. Lakini uende kumuona ukiwa na karatasi mukononi na kitu ulichokiandika. Usiende kumuambia tu "Prof, nisaidie."

Barua yenyewe

Barua yangu ya pili niliiandika baada ya miaka kadhaa ya kazi ya ONG mu Kabare na Walungu. Mimi si mutu wa Bushi, kule njo nilijifunza maneno kalinzi na bwasa. Wazee wanayajua. Kalinzi, unampa shefu ng'ombe, na shamba linabaki la watoto wako. Bwasa ni kulima kwa muda, kwa malipo madogo. Sheria ya mashamba ya 1973 inasema udongo ni mali ya serikali, lakini kijijini watu wanaendelea na makubaliano yao. Nilikuwa ninakuta mutu aliyerudi kutoka ukimbizini analia ku shamba ambalo mwingine analima, na wote wawili wako na mashahidi. Pale swali langu likazaliwa. Kwa kweli lilikuwa ndani ya memwari yangu tangu zamani, ila sikuliona.

Nikaandika hivi. Yenyewe ilikuwa kwa Kifaransa, ninaisema kwa lugha yetu:

"Muheshimiwa Profeseri, nilisoma makala yako juu ya mashamba mu Kivu ya Kusini, hasa sehemu inayoeleza namna karatasi za serikali zinavyogongana na makubaliano ya kijiji. Tangu miaka 6 ninafanya kazi ya ONG mu Kabare na Walungu. Huko ninakuta mutu aliyepata shamba kwa kalinzi, akakimbia, akarudi na kukuta shamba limetolewa kwa bwasa kwa mutu mwingine. Wote wawili wana mashahidi. Ninataka kujua ni nani anaaminiwa, na kwa sababu gani. Memwari yangu ya lisansi, miaka 5 ya masomo hapa Bukavu, iligusa jambo hilo mu kijiji kimoja. Ninataka kuomba doktora mwaka ujao. Je, unapokea wanafunzi wapya juu ya mada hii? Kama ndiyo, ninaweza kukutumia muradi wa kurasa 2. CV yangu ya ukurasa mumoja iko hapa pamoja. Aksanti kwa muda wako."

Ni hayo tu. Muhesabu: anajua kwamba nimemusoma yeye na si mwingine. Anajua ninafanya nini. Anajua swali langu. Anajua ninamuomba nini, na ni kitu anachoweza kujibu kwa "ndiyo" ao "hapana". Burse sikuitaja. Hiyo inazungumzwa akishakubali kuongoza, na mara nyingi mutaitafuta pamoja.

Muone pia kwamba ukimbizi umo ndani ya barua. Umo kama kitu ninachokichunguza. Nyarugusu sikuificha, iko mu CV, sekta ya masomo ya musingi. Lakini sikuiweka mbele kama kibakuli cha kuombea. Kukulia kambini kulinipa macho ya kuona jambo fulani. Hayo macho njo nilimuonyesha.

Mambo madogo yanayoharibu barua nzuri:

Kichwa cha imeli kiseme kitu. "Ombi la doktora: mashamba na wakimbizi waliorudi, Kivu ya Kusini" kinafunguliwa. "SOS" ao "Musaada tafazali" hakifunguliwi.

Adresi yako iwe jina lako. Kijana mumoja wetu alikuwa anaandika kwa adresi yenye jina la mucheza mpira. Tulicheka, lakini profeseri hacheki.

Usitumie barua moja kwa watu kumi wa fakilte moja. Wanakunywa kahawa pamoja, watajua.

Usitume habari za ONG yako kusudi umufurahishe. Majina ya watu waliokuambia mambo yao ku tereni si mali yako ya kuuza. Mutu wa kijiji alikuamini wewe. Ukimutoa, hata doktora ikifika haitakuwa safi.

Na lugha: kama hauko sawa mu Kiingereza, mupe mutu akusomee kabla ya kutuma. Sisi tuliosoma Tanzania tuko na Kiingereza kidogo na Kifaransa kidogo. Hiyo ni zawadi, lakini inachanganya maneno.

Majibu na namna ya kuyasoma

Kama kimya kinapita wiki tatu, kumbusha mara moja, kwa mistari miwili. Kama bado kimya, endelea na mwingine. Usimufuate ku WhatsApp, wala ku Facebook. Kimya si tusi. Wanapokea barua nyingi sana.

Akijibu "omba kwa njia ya kawaida," maana yake mulango ni komite, fanya dosie yako. Akijibu "sipokei watu mwaka huu," mushukuru na umuulize ni nani mwingine anafanya mada hiyo. Akijibu "nitumie muradi," usilale, lakini pia usitume usiku ule ule kitu kibaya. Mwambie utatuma baada ya siku kumi, na siku ya kumi utume. Akitaka muzungumze ku mutandao, angalia saa: wakati wa kiangazi chao Brussels na Bukavu ni saa moja, wakati wa baridi wao wako nyuma saa moja. Tafuta mega za kutosha na mahali penye umeme. Ukikosa umeme, mwandikie mbele, ataelewa.

Na sasa lile la dola 300. Hakuna profeseri anayetaka feza ili akukubali. Hakuna. Universite zingine zinaomba malipo ya kufungua dosie, lakini yanalipwa ku universite yenyewe, kwa njia iliyoandikwa ku ukurasa wao. Hayapiti ku M-Pesa wala Airtel Money ya mutu. Ukipata barua, usiangalie muhuri. Angalia adresi iliyoituma, tafuta jina la profeseri ku ukurasa wa universite, na umwandikie kwa adresi iliyo pale: "Je, barua hii ni yako?" Swali hilo halilipiwi.

Kwa wazazi

Wazee wetu, wamama. Mutoto akiwaambia anaandika kwa profeseri wa Ulaya, musimucheke, na pia musiuze kiwanja. Mumuulize swali moja: "Unataka kujua nini?" Kama anaweza kuwaeleza ninyi, kwa Kiswahili, ku meza ya chakula, ataweza kumueleza profeseri. Kama hawezi, hajawa tayari, na hakuna dola zitakazomutayarisha. Na musiulize watoto wanaume peke yao. Mu waanketeri ninaofanya nao kazi, mabinti njo wanaoandika ripoti safi zaidi, na njo wa mwisho kuambiwa kwamba wanaweza kuendelea.

Mimi nimefika wapi? Ile barua ya pili ilijibiwa baada ya siku 9. Profeseri alisema hapana, amejaa, lakini alinipa jina la mwenzake. Mwenzake aliomba muradi, akaurudisha ukiwa umejaa wino mwekundu, nikauandika upya mara tatu. Sasa amekubali kuniongoza. Burse bado. Tuliomba mara moja tukakosa, na tutaomba tena mwaka huu. Inawezekana sitaipata. Lakini swali ni langu, na kila nikipanda Walungu kwa kazi ninalifanyia kazi hata bila burse.

Komite imekubali tukutane hapa kila siku ya posho ya kwanza ya mwezi, saa nane za mchana. Kila mutu alete sentensi moja ya kile anachotaka kujua. Sentensi tu, bila dosie na bila feza. Tutaisoma kwa sauti, tutaikosoa kindugu, mpaka isimame.

Huyu ndugu wa dola 300 amesema atakuwa wa kwanza kusoma yake. Na amesema atarudisha zile feza mu kikapu kidogo kidogo, dola 10 kwa mwezi. Tumupigie makofi.